Dakika Sita za Korido

Babu yangu alipata mshtuko wa moyo wakati wa kuchuma kahawa. Alipopata nafuu, daktari wa kliniki moja hapa Moshi alitaka kujua kama moyo wake unaweza tena kupanda mlima, maana kutoka barabarani hadi kwenye migomba yake na ng'ombe wake mmoja ni mwinuko mtupu. Kipimo chenyewe kilikuwa kutembea dakika sita kwenye korido, kwenda na kurudi, nesi ameshika saa.

Nilibishana. Niliuliza korido tambarare inajua nini kuhusu mlima, na kwa nini dakika sita, si kumi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua: babu ashuke, akae kwetu mtaa wa Soweto, hapa mjini, apumzike. Daktari alinijibu kwa upole, nikazidi kukasirika.

Nesi alibaki mwanzo wa korido. Mimi niliwekwa mwisho, pa kugeuzia, karibu na benchi la wagonjwa. Babu alikuja kwa mwendo mzuri, buti zake za shamba zikigonga sakafu. Kijana mmoja wa benchi akamwamkia shikamoo. Babu akasimama, akavua kofia, akaitikia, akamuuliza kwao ni Kibosho au Marangu. Mzunguko uliofuata aliamkiwa na mama mmoja, akasimama tena; na wa tatu vivyo hivyo. Kwetu mlimani hupiti mbele ya watu kimya kama mbuzi. Hakuwa anahema hata kidogo.

Daktari aliniita ndani babu akiwa bado anapimwa presha.

"Nesi ameona alisimama mara tatu kule mwisho. Alichoka?"

"Ni kweli, alisimama mara tatu," nikasema. Sikuongeza neno.

Babu akakatazwa kupanda mlima. Ng'ombe akapelekwa kwa shangazi. Wiki tatu nzima babu alikaa kwetu kwenye kiti cha plastiki, amekigeuza kielekee mlimani, hata siku ambazo mawingu yaliuficha wote. Nilikuwa nampelekea chai na kuondoka haraka.

Asubuhi moja alinizuia.

"Wewe ulikuwa pale. Nilitembea vibaya?"

Tangu chuo nimezoea kuwa na jibu la kila kitu. Nilimweleza yote nikiangalia kandambili zake, mpya, tulizomnunulia sisi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliingia ndani, akatoka amevaa buti.

"Twende ukamwambie daktari kwa mdomo wako," alisema. "Na wale wa benchi nitawasalimia nikimaliza."