Seva Yenye Adabu Kupita Kiasi

Mbodze wa Kinango alisomea kompyuta Mombasa, akaajiriwa kwenye hoteli moja ya Diani ambayo meneja wake, Bwana Chirau, aliamini hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa "karibu" na "samahani". Mwaka 1998 wageni wa Ulaya walianza kulipia vyumba kwa mtandao. Namba za kadi zao zilifumbwa njiani zisisomeke, na seva, kompyuta kuu ya hoteli, ndiyo iliyozifumbua. Zilipoibwa mara ya kwanza, polisi hawakuhangaika na mwizi wa mbali. Walimchukua Mbodze, mtunza seva, wakamlaza ndani.

Na kosa lenyewe lilikuwa ukarimu! Mwizi akinasa fumbo la mgeni, akalichezea na kulituma likiwa bovu, seva ilimweleza kwa upole alipokosea, naye akarekebisha, akatuma tena, mpaka akapata namba ya mtu. Basi waliotengeneza programu wakaleta toleo jipya: kila fumbo bovu lijibiwe neno moja tu.

Mbodze akaliweka, kisha akajifanya mwizi. Asubuhi nzima alituma mafumbo mabovu ya kila namna, na jibu likawa lile lile: "Imekataliwa." Alicheka peke yake huku machozi yakimtoka. Tundu lilikuwa limezibwa, naye angelala kwao kwa amani.

Bwana Chirau akapita, akasoma kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, haya ni majibu gani? Mgeni hakupewa hata pole?"

"Shikamoo, Bwana. Huyo si mgeni, ni mwizi."

"Marahaba. Na huyo mwizi atajuaje kuwa hapa ni Pwani?"

Mtu mzima, suti na tai, anasema maneno hayo bila kucheka! Akamwita Muange, fundi wa Ukunda asiyependa ubishi, airudishie seva maelezo yake ya zamani. Muange akayarudisha, na mengine akayaongeza. Mbodze alipojaribu tena, akajibiwa: "Samahani sana, mgeni wetu mpendwa. Umekosea hapa mwanzoni tu, kwengine ni sawa. Karibu ujaribu tena."

Bwana Chirau akapiga makofi. "Umeona? Sasa imepona."

 Mbodze alichukua kanga na mswaki, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi.

"Umeshtakiwa nini, dada?" akauliza askari wa zamu.

"Bado, afande. Nimewaondolea tabu ya kunifuata. Wizi wenyewe uko njiani."