Anvelope Iliyofika Kilioni

Wako watu sokoni Kashikishi ambao hadi leo wakiniona huwavuta watoto wao na kuhamia upande wa pili, na mimi siwalaumu, maana aibu niliyojipaka siku ile kule Kafutuma haitoki hata uninawishe kwa maji yote ya ziwa Mweru. Nitawasimulia kama ilivyokuwa. Mkitaka kucheka chekeni polepole, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijafika kwenye kucheka.

Mimi ni mtu wa kadi. Si karata za kamari (mama angenilaani), ni zile kadi ndogo ngumu zenye picha za wachezaji wa mpira, ambazo watu wazima wenye akili zao timamu wanakusanya na kubadilishana. Za kwanza nilizikuta kwenye mfuko wa koti la salaula, yaani mtumba, mwaka tuliovuka ziwa kutoka Pweto, Kongo, kuja huku Zambia tukiwa hatuna kitu, na labda kwa sababu hatukuwa na kitu nikazipenda kupita kiasi. Sasa ninachajisha simu za watu bandarini, na jioni niko kwenye kikundi cha simu na wenzangu wa Kitwe, Lusaka, Lubumbashi, tunatumiana kadi kwa posta. Na kwenye kikundi hicho (shikeni neno hili, ndilo lililonimaliza) hatusemi kadi. Tunasema mutu, yaani mtu. Kadi nyingi ni batu. “Niko na mutu wa zahabu, nipe batu babili.” “Mutu wangu alipotelea njiani.” Hakuna aliyeona ubaya wowote, tulizoea.

Ukitaka kutuma kwa bei nafuu, unatumia bahasha nyeupe ya kawaida, ile ya kioski, kwa stempu ya barua tu, maana ukipeleka kifurushi kwa watu wa mabasi gharama inazidi kadi yenyewe. Kadi unaivisha kijifuko cha nailoni, unaiweka katikati ya vipande viwili vya katoni (mimi hukata boksi la sabuni), unafunga kwa gundi ya karatasi isicheze wala isikunjike, kisha unaibandika ndani ya bahasha. Nje huandiki kitu kinachoonyesha kuna mali. Iwe bahasha ya kimaskini kabisa, mwizi akiishika aone ni barua ya shangazi anayelalamikia mgongo. Nilijivuna sana kwa ufungaji wangu.

Sasa, wakati huo nilikuwa nataka kumwoa Bwalya. Yeye ni Mbemba wa Kafutuma, mimi Mkongomani wa kuvuka maji, na kwao walikuwa hawajasema ndiyo wala hapana. Mara baba yake, ba Mwansa (ba ni neno la heshima), akafariki. Bwalya akanipigia simu analia, akasema, “Kuya kwa kilio, Trezo. Bajomba bote bako hapa. Bakuone kama uko mutu.” Nikaelewa kwamba siku ile ndiyo ingeamua kama nitaoa au sitaoa, basi nikaagiza kikapu cha samaki wakavu kutoka kisiwa cha Chisenga, kikapu cha kueleweka, cha kulisha waombolezaji wote.

Asubuhi ya mazishi mtumbwi wa samaki ulichelewa. Nami nilikuwa nimemuahidi jamaa mmoja wa Kitwe kwamba kadi yake itaingia posta siku hiyohiyo, na jamaa huyo naye anaitwa Mwansa (mkoa mzima wa Luapula ukirusha jiwe linampata Mwansa). Tantine yangu, yaani shangazi, alikuwa tayari, kitenge kichwani, anaelekea Kafutuma kwenye kilio, na njia yake inapita mbele ya posta kabisa. Nikaona kwa nini nijisumbue kwenda na kurudi. Nikamwambia mbiombio, jicho langu liko ziwani, “Tantine, ile anvelope iko pa meza, unipelekeeko.” Akasoma jina juu yake, Mwansa, anwani hakuifikia, akanitazama kwa huruma, akasema, “Mungu akubariki, mutoto wangu.” Nikajiuliza baraka zote hizi za nini, kwa stempu moja?

Mnajua wenyewe, kwa sisi watu wa Kongo anvelope, yaani bahasha, si karatasi. Anvelope ni mchango. Mtu akifiwa, akioa, mchungaji akija, unatoa anvelope, na kilichomo kinaeleweka bila kutajwa. Tantine hajawahi kutuma barua maishani mwake. Mimi nilisema neno la posta, yeye akasikia neno la kilio.

Nilifika Kafutuma jua limeshapinda, wametoka makaburini, kikapu begani, jasho na harufu ya samaki. Wanaume wamekaa uani, wanawake wako kibarazani, Bwalya katikati yao, kichwa kimefungwa kitambaa. Aliponiona na kile kikapu akanyanyua uso kidogo. Huo uso hadi leo ninao. Mjomba wake, ba Chanda, mzee ambaye amenunua samaki kwa Wakongomani miaka mingi na Kiswahili chetu anakijua, alikuwa anafungua michango mmojammoja mbele ya watu, anataja jina, watu wanashukuru. Nikasikia, “Trezo, mukwe wetu.” Mukwe! Moyo ukanipanda. Halafu nikaiona bahasha mkononi mwake, ile yangu ya posta.

Akachana. Katoni. Akageuza, akajaribu kwa kucha, akaomba wembe (nilikuwa nimefunga vizuri, nimeshasema nilijivuna). Watu wakaanza kusogea waone, kwa sababu pesa haifungwi hivyo. Katoni ikatoka, nailoni ikatoka, na kutoka ndani ya nailoni akatoka golikipa, Mungu wangu, golikipa amelala ubavu chini kwenye majani, mikono imenyooka, macho yamefumbwa. Katika kadi zangu zote, ndiye niliyekuwa namtuma.

“Trezo,” ba Chanda akasema taratibu, “njo kintu unatuletea hii?”

Hapa mtu mwenye busara angesema kosa, samahani, akakaa. Mimi nikakimbilia kueleza, namwita tata, baba, kwa heshima zote.

“Hapana, tata, haikuwa ya hapa! Huyu ni mutu wangu. Nilikuwa namutuma kwa Mwansa.”

“Mwansa tumetoka kumuzika.”

“Hapana Mwansa huyu, tata, Mwansa wa Kitwe! Nilimufunga muzuri, njo ye naye anitumie mutu wake. Shiye tunabadilishanaka batu, haina mubaya, tunafanyaka kila mwezi.”

Nilisikia maneno yangu yakishatoka. Mwanamke mmoja kibarazani akapiga kelele, “Mayo!” yaani mama yangu, na nyuma yake sauti nyingine ikasema neno ambalo pande hizi halihitaji mkalimani: “Ndoshi!” Mchawi. Vijana wakasimama. Ba Chanda akawazuia kwa mkono, akaitupa kadi motoni pamoja na katoni zake, akaniambia niondoke kabla hajachoka kuwazuia. Tantine alikuwa analia, ananivuta shati, “Trezo, si ulisema anvelope?” Nikamjibu ni ya posta, akasema, “Posta ulisema saa ngapi?” Kweli sikusema.

Kikapu changu wakakitoa nje ya ua, wakakiacha njiani. Samaki wale hata mbwa walifukuzwa wasile.

Bwalya alikuja Kashikishi baada ya siku kadhaa, kwa siri, akakaa kwenye benchi la wateja wangu. Nikamwonyesha kadi zote, nikamweleza kikundi, bahasha, kila kitu, naye akazigeuza mojamoja kwa subira.

“Mi naamini,” akasema. “Hata pale nilijua. Lakini mama halale, anasema ulimufunga baba. Na kesho tukizaa, mutoto apate malaria tu, nani ataamini? Batasema ulimutuma na yeye.”

Akazipanga kadi vizuri, akanirudishia, akaenda kupanda gari. Nasikia sasa yuko mjini Mansa kwa dada yake, na kuna mtu anapeleka watu kwa ba Chanda kumposa.

Basi mimi bahasha nimeapa, sitafunga tena. Nikiwa na kitu cha kumpa mtu nakipeleka mwenyewe, wazi mkononi, hata iwe Kitwe, na kikinishinda kukifikisha nakaa nacho. Tena maelezo nimeacha. Wakinyoosha kidole sokoni nainamisha kichwa, naendelea kuchajisha simu, maana kila nilipofungua mdomo kujitetea ndipo nilipomzika Bwalya wangu zaidi.