Kipimo cha Mlango wa Jirani

"Mwenzangu, mimi si mtu wa maneno," Mama Mapacha alisema, na hapo hapo akasogeza ndoo yake ya nguo karibu ili maneno yasimwagike njiani. "Ila mumeo jana nimemwona anamsukuma yule fundi cherehani wa kiti cha magurudumu. Wanacheka! Mpaka mwanamke anajifuta machozi. Eti wanatafuta chumba. Chumba cha nani, sijui mie."

Mke wa seremala alikuwa anaanika nepi. "Anamsaidia tu. Yule dada kafukuzwa nyumba," alijibu. Sauti ilitoka sawasawa, ila nepi aliyoianika ilikuwa haijasuuzwa, povu likimtiririka mpaka kiwikoni.

Habari ya kufukuzwa aliijua kama mtaa mzima ulivyoijua. Yule fundi miguu ilimpooza akiwa na miaka mitano. Alikuwa ameishi na kushona kwenye chumba cha mbele cha nyumba ile miaka kumi na miwili, kwa cherehani ya mkono, mkono wa kulia ukizungusha na wa kushoto ukiongoza kitambaa. Mwenye nyumba wa zamani alimmwagia saruji mlangoni ikawa mteremko badala ya ngazi. Mzee akafa, na wanawe wanataka kubomoa wajenge ghorofa. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Vyumba vya kupanga vipo, tena vingi, lakini hiki kina ngazi nne, kile choo chake kiko ng'ambo ya mtaro, na visivyo na ngazi hujaa ghafla mwenye nyumba akikiona kiti.

Yote hayo aliyajua, na huruma alikuwa nayo. Kilichomkera ni kicheko. Nyumbani mumewe ni mtu wa "mm" na "haya". Akirudi kazini hula, humrusha mtoto juu mara mbili, hulala. Wiki ile alirudi na mfuko wa shati uliokuwa umechanika umeshonwa upya, mishono midogo midogo imejipanga kama meno ya mtoto. Mkewe alikuwa anajiambia ataushona tangu mwezi uliopita. Aliutazama akatamani kuufumua kwa meno.

Jioni, seremala akivua viatu, alisema, "Hiki chumba kitupu cha jirani, cha ukutani kwetu, kingemfaa yule dada. Hakina ngazi, choo kiko humu humu uani. Ufunguo si unao wewe?"

Kweli alikuwa nao. Mwenye nyumba wao anakaa mbali, na humwachia yeye kuonyesha vyumba na kuchagua mtu asiye na fujo.

"Kimeshachukuliwa," alisema. "Mwenye nyumba kapiga simu mchana."

Uongo ulimtoka laini mpaka ukamshangaza mwenyewe. Seremala akasema, "Mm."

Baada ya siku mbili alimfunga mtoto mgongoni, akachukua gauni lisilo na tatizo lolote, akaenda kujionea huyo mwanamke. Njiani alijipangia maneno ya kutosha kugombana na mtaa mzima.

"Karibu, mke wa seremala!" fundi aliita kabla hajabisha hodi. "Mtoto mlaze hapa kwenye vitambaa, hadondoki huyo."

"Gauni linanibana."

Fundi akavuta utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akampitishia kiunoni, akatabasamu. "Mdogo wangu, limekupwaya. Sema kilichokuleta."

Hakusema. Macho yake yalikuwa yameangukia vifundo vya vidole vya fundi. Vimechubuka mikono yote miwili, vingine bado vibichi. Ukutani ilibandikwa karatasi yenye mwandiko wa mumewe. Juu kabisa: kiti, 63. Chini yake milango kumi na mmoja, kila mmoja na sentimita zake, yote imepigwa mstari. Wa mwisho ulikuwa ule wa ukutani kwao, 65. Kando yake: kimechukuliwa.

"Vidole vimefanyaje?"

"Si milango hiyo! Vyumba viwili nilishakubaliwa. Sitini na sita, sitini na tano, kiti kinapita. Siku ya kuingia nakwama, ngozi inabaki kwenye fremu, mwenye nyumba anasema utaniharibia mlango, tafuta kwingine. Mumeo anadai nasukuma upande. Mimi nasema fremu zimepinda. Tunabishana kama watoto."

"Mmepima magurudumu," mke wa seremala alisema polepole. "Mikono inayoyashika hamkuipima."

Fundi akashika magurudumu, akaziangalia ngumi zake zilivyotokeza huku na huku. Akaangua kicheko. "Miaka yote naachia watu nafasi kwenye nguo wapate kupumua, mwenyewe nikajikata saizi ya kiti! Na huyo seremala wako naye, fundi mzima!"

Kilikuwa kicheko kizuri, cha tumboni. Kumbe kukisikia kunauma zaidi kuliko kusimuliwa.

"Huwa mnacheka nini?"

"Anawaigiza wenye nyumba. Yule wa juzi anavuta ndevu hivi: 'Chumba kipo, ila hakipo.' Hajakuigizia?"

"Hajawahi kuniigizia mtu."

Mke wa seremala akamnyanyua mtoto, akamkumbatia kwa nguvu mpaka akalalamika. "Kile chumba hakijachukuliwa," alisema kisogoni kwa mtoto. "Nilisema tu."

Mkono wa fundi ukazungusha cherehani tupu, raundi moja, mbili.

"Siku mbili nafungasha vitu bila kujua navipeleka wapi," alisema. "Unajua zimebaki siku ngapi?"

"Tisa."

"Kumbe unajua." Hakuwa anatabasamu tena. "Haya, nisikilize. Mlango ule ubomolewe utiwe wa themanini, kazi nitailipia mimi. Mpigie mwenye nyumba aruhusu. Na fremu hiyo simwamini mtu mwingine, ni mumeo, kutwa nzima, na mimi nitakuwa hapo hapo nikimwangalia. Wivu wako nimeuona. Siwezi kuutoa, na sikuapii kitu. Ila kupitia kwake sitaki tena. Nakuomba wewe, mdogo wangu: nipe chumba, na uniazime mumeo Jumamosi."