Skuta Iliyonuka Papa

Mama yangu hashiki kiuno cha mwanamume asiye maharimu wake, na hilo ndilo lililonifanya ninunue skuta. Kupanda basi humtapisha tangu ujana wake. Hata likiwa limesimama, akinusa viti tu roho inamchafuka. Tena mabasi humshusha mtu barabara kuu, na kutoka hapo hadi kwa dada yake, huko ndani Mkange, hakuna usafiri ila bodaboda. "Nimshike nani?" aliniuliza kila nilipoligusia jambo hilo. "Kijana wa watu, simjui, hanijui, nimkumbatie njia nzima?" Basi miaka ikapita, dada mtu yuko Mkange, mdogo mtu yuko Bagamoyo, wanasalimiana kwa simu kana kwamba kuna bahari kati yao.

Kisha mama mkubwa akaanza kupoteza macho. Hospitali walisema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kuondoka hairudi. Alipiga simu asubuhi moja, mama akaifungulia spika kama kawaida yake, nami nikiwa kwenye cherehani yangu nikamsikia mama mkubwa akisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Mdogo wangu, njoo nikuone ningali nikiona." Mama akajibu inshallah. Akaenda jikoni, na hakutoka huko mpaka adhuhuri.

Mimi ni fundi wa nguo na sina subira. Gauni likinigomea naweza kulifumua lote huku nikilitukana, halafu nikalianza upya. Nilikwenda Dar nikanunua skuta ya bei nafuu kuliko zote zilizokuwa pale, mpya kabisa, ingali na nailoni kwenye kiti. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: Ijumaa naipiga kiki, Jumamosi tuko Mkange.

Mtu wa kwanza kuniharibia hesabu alikuwa mzee mwenye duka la vipuri mtaani kwetu. Ni Mhindi, duka lilikuwa la babu yake, na mimi nimemjua tangu nilipokuwa natumwa misumari. Aliizunguka skuta yangu, akainama, akashika nati moja kwa vidole viwili. Nati ikazunguka.

"Fundi," akaniambia, "hii kaifunga mtu aliyekuwa anasubiri kengele ya chakula."

Nilinuna. Akaniambia nisinune, skuta za bei hii si mbovu, ila hazijamalizwa. Kazi ya kuzimaliza ameachiwa mnunuzi. Maneno hayo niliyaelewa haraka kuliko alivyodhani, maana hata cherehani mpya ya bei rahisi ndivyo ilivyo. Ukiitoa kwenye boksi ukashona hapo hapo, uzi utakukatikia mpaka ulie. Kwanza unakaza, unatia mafuta, unarekebisha mkanda, halafu unaijaribu kwenye kitambaa chakavu, si kwenye gauni la bibi harusi.

Nikatandika mkeka barazani nikaivua skuta maganda yake yote. Kila fungu la nati nililiweka kwenye kikombe cha kahawa, kikombe cha tairi la mbele, kikombe cha injini, kikombe cha usukani, nikavipanga ukutani. Wanaume waliozoea kunywa kahawa pale barazani wakanywea kwenye glasi za chai, na kwa hasara hiyo wakajilipa kwa kunipa ushauri. Kila nati nilipoirudisha niliitia tone la gundi, ile ya mafundi inayozuia isilegezwe na mtikisiko. Mpira wa petroli ulikuwa mwembamba na mgumu, nikauondoa, nikaweka mzito pamoja na chujio. Plagi nikabadilisha, nikaweka aliyonichagulia yule mzee wa vipuri. Tairi zilizokuja nazo zilikuwa kavu kama ndala za msikitini, nazo nikabadilisha. Nyaya za taa zilikuwa zikisuguana na chuma, nikazishonea ala ya turubai kwa uzi wa viatu, na kazi ile kwa kweli ilinipendeza kuliko magauni mengi niliyoshona mwaka ule.

Kisha ikaja sehemu ngumu kwangu, yaani kwenda polepole. Injini mpya haikimbizwi, inazoezwa. Kila asubuhi nilikwenda Kaole na kurudi kwa mwendo wa maiti, vijana wa bodaboda wakinipita na kuniuliza kama nimebeba mayai. Nilipoimwaga oili ya mwanzo ilitoka ikimetameta chembe za chuma, nikashukuru kwamba sikuifuata haraka yangu. Mama alikuwa akinitazama kutoka dirishani.

"Hilo dude linatembea au linaumwa?"

"Linajifunza, mama."

"Basi likishahitimu uniambie. Lakini nisikilize vizuri. Likizimika njiani hata mara moja nami niko juu yake, nitashuka, na sitalipanda tena."

Hayo hayakuwa matisho. Mama aliwahi kuacha chai ya maziwa kwa neno moja la wifi yake, na mpaka leo haigusi. Nilijua kwamba nina nafasi moja tu ya kumfikisha kwa dada yake, na nikiipoteza, watu hawa wawili watabaki na simu.

Nilimshonea suruali pana ya kuvaa ndani ya baibui, kwa sababu alikuwa anataka kukaa upande, na mimi sikuwa tayari kwenda mpaka Mkange na mama aliyekaa kama yuko kwenye kochi. Kiti nikakishonea mto wa sufi. Kila kitu kilikuwa kinakwenda sawa, na hapo ndipo mjomba alipoingia.

Mjomba ni kitinda mimba wao, mdogo wake mama. Marehemu babu, baba yao, alikuwa nahodha wa jahazi, na mjomba alirithi kazi hiyo mpaka magoti yalipomstaafisha, yakamwachia mikono isiyotulia. Kwa wiki nzima aliniambia kwamba nakaza nati bure, kwa kuwa chumvi ya mji huu itazila zote. Nilimjibu ndiyo mjomba, sawa mjomba. Siku moja alasiri nikaenda mtaa wa pili kumpima bibi harusi, nikaiacha skuta barazani, kifuniko cha mkanda kikiwa wazi kwa sababu nilikuwa bado kukisafisha. Niliporudi kifuniko kimefungwa vizuri, na paka wa mtaa mzima wamekaa duara kuizunguka skuta.

Mjomba alikuwa ameipaka mafuta ya papa. Yale yale yanayopakwa mbao za majahazi zisiliwe na maji ya chumvi, kutoka kwenye kopo alilokuwa amelificha uvunguni tangu aache kazi. Asiyewahi kuyanusa siwezi kumweleza. Mama alifunga dirisha akauliza kwa ndani kama tumeleta maiti. Mjomba akasimama pale na kitambaa chake mkononi, ameridhika.

"Sasa chumvi imekoma," akasema.

Nilimeza hasira, kwa sababu ni mjomba na kwa sababu kesho yake nilikuwa na jaribio la mwisho, kwenda Makurunge na kurudi. Nikatoka mjini vizuri. Kufika kwenye kimuinuko cha kwanza, injini ikalia kwa nguvu na skuta ikasimama. Nikavuta mafuta zaidi, kelele zikaongezeka, tairi halina habari. Nilishuka nikaisukuma mpaka nyumbani, jua la saa sita kichwani, nikitukana kiwanda, meli iliyoileta na mimi mwenyewe.

Mama alikuwa mlangoni. Aliniona ninavyoisukuma. Alikuwa ameshafunga mkoba wa zawadi za dada yake, doti ya kanga, halua na marashi, na umekaa kitini siku zote hizo ukisubiri safari. Akauchukua akaurudisha juu ya kabati. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Niliingia ndani nikalia, kisha nikachukua spana nikafungua kifuniko cha mkanda, na harufu ya papa ikanipiga usoni.

Nilimwita mjomba.

"Mjomba, umepaka na mkanda?"

"Nimepaka kila kitu, mwanangu. Chombo hakipakwi nusu."

"Mkanda ndio unaolivuta tairi, mjomba, nao unavuta kwa kushika. Ukiwa na mafuta unateleza. Hata wa cherehani, tone moja tu la oili, mashine haishoni."

Akauinamia, akautazama.

"Jahazi halina mkanda," akasema.

Nilitaka kukasirika sawasawa, lakini alisema kwa unyonge kiasi kwamba kicheko kilinitoka bila idhini yangu. Kesho yake asubuhi alikuja bila kuitwa, akakaa mkekani, tukaosha puli zote za mkanda kwa petroli, tukazikausha, nikafunga mkanda mpya. Sehemu za nje nilizisugua kwa sabuni, lakini alinisihi nisiendelee kwenye viungio na chini ya tumbo la skuta, nami nikamwachia, maana kwenye nati zile hapakuwa na hata doa la kutu. Harufu ikabaki humo humo kwenye mishono. Kwa adhabu nikamfanya mzigo wa majaribio. Nilimpakia nyuma nikampeleka Makurunge, nikampandisha kila muinuko tuliouona, naye amenishika kiuno kwa mikono miwili, anasoma kila dua aliyowahi kuisoma baharini. Skuta haikukohoa.

Mama hakuamini mpaka mjomba alipomwapia. Kisha akaushusha mkoba kutoka juu ya kabati na kuleta chetezo. "Sifiki kwa dada yangu nikinuka soko la samaki," akasema. Akaizunguka skuta na moshi wa udi na ubani, akaniambia nifunue kiti, akafukiza na chini yake, akafukiza na helmeti, akafukiza na mjomba. Alirudia siku iliyofuata, na nyingine, mpaka wapita njia wakauliza ni nani anaolewa.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alinishika mpaka mbavu zikauma, na hakulegeza mikono hata tulipovuka Makurunge na lami ikatuacha. Tulipofika mbele zaidi, kwenye vumbi, nikasimama injini ipumzike.

"Limezimika," akasema mama, na mguu wake mmoja ulikuwa tayari chini.

"Nimelizima mimi, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Liwashe nione."

Nikapiga kiki moja, likawaka. Akaniambia nizime, nikazima. Akaniambia niwashe tena, nikawasha. Ndipo akapanda. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na yule mzee wa vipuri kwa ile plagi.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, anachambua mbaazi kwa kupapasa. Nilipozima injini aligeuza uso, lakini aliugeuzia mwembe ulio kando yetu, si sisi. Mama aliyaona hayo kabla sijayaona mimi. Nilihisi mikono yake ikilegea kiunoni mwangu. Nati zote nilizokaza, safari zote za kwenda Kaole kama mtu aliyebeba mayai, na huku nuru ilikuwa inakwisha. Nikasahau hata kutoa shikamoo.

"Dada," mama akaita, akamwendea, akapiga magoti mbele yake.

Mama mkubwa akamshika uso, akausogeza karibu, akaukwepesha kidogo pembeni kama mtu anayetazama kwa ufa wa mlango. "Nakuona umbo," akasema. "Umenenepa."

"Ni masuruali aliyonivalisha huyu."

Wakacheka, wakalia, wakacheka. Ghafla mama mkubwa akageuza kichwa. Akanyanyua pua juu, akanusa, akanusa tena.

"Mmekuja na nani?"

"Tuko wawili tu, dada."

"Hapana." Alisimama, mbaazi zikamwagika. "Baba yuko hapa."

Alikuja mpaka kwenye skuta akiwa ameshika bega la mama, akaipapasa usukani, akaipapasa ubavuni, akaingiza vidole chini, kwenye viungio vile mjomba alivyonisihi nisivioshe. Akavileta puani. Safari ilikuwa imeipasha injini moto, na mafuta ya papa yalikuwa yametoka yote, udi na ubani havina habari.

"Alikuwa akirudi safari tunaambiwa tusimkumbatie mpaka aoge," akasema. "Na sisi tunamkimbilia hivyo hivyo, mpaka nguo za shule zinanuka. Umesahau?"

Mama, aliyefunga madirisha, aliyemaliza udi wa sikukuu, akainama polepole na suruali yake pana, akasogeza uso kwenye tumbo la skuta, akavuta pumzi. Akavuta tena. Mimi niliokota mbaazi, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Tulilala siku kadhaa, na kila asubuhi niliwakuta wawili hao wamekaa kando ya skuta badala ya kukaa barazani. Siku ya kurudi tuliingia Bagamoyo alasiri, bila kuzimika, mama akisalimia watu wa mtaani tokea juu ya kiti. Mjomba alikuwa mlangoni anatusubiri, na alipomwona dada yake anashuka alirudi nyuma hatua moja. Mama alivua helmeti akampa aishike.

"Kopo lako lina kitu bado?" akamuuliza.

"Lina kidogo, dada."

"Kesho lipake tena hilo dude. Ila mkanda usiuguse."