Mafundi Wasioitika

Katika maabara, mwenzake wa meza ya pili alianza kumjua mtafiti huyu kwa mikono yake: vidole virefu vyenye makovu ya moto, maana vijidudu anavyovifuga ni vya chemchemi zinazotokota, na chupa zake hutoka tanurini zikifuka mvuke. Glavu nene hataki kuzivaa. Kila asubuhi huzitia chupa ndani ya sanduku la chuma na kuzimulika miale kama ya jua kali, ili ajeruhi vinasaba vya vijidudu, kisha hungoja kuona vimeng'enya gani vitaamka kuviunga. "Mafundi hawa hawaamki bila kuitwa," husema kwa sauti ya chini. "Wakizidi, hukata hata pazima." Na kabla ya kubonyeza swichi hunong'ona, "Poleni, jamani." Mwenzake humcheka.

Jana mapazia yalifungwa mapema, kisha mtafiti akaingia na bintiye, kofia hadi kwenye nyusi, mikono ya gauni hadi vidoleni, mashavu yamejaa madoa. Mwenzake akaelewa, kicheko kikamkauka. Jua likimjeruhi mtoto yule, mafundi wa mwili wake huitwa wasiitike.

"Baba, hawa wanapona?" binti akauliza, akizionyesha chupa.

"Wanapona, mama."

"Wakishapona?"

"Tunawajeruhi tena."

Binti akaligusa sanduku. "Leo waache wapumzike, Baba."

Kidole cha baba kilikuwa tayari juu ya swichi. Akakiondoa. Akazitoa chupa moja moja kwa mikono mitupu, akazirudisha kwenye moto wa tanuri, maana ndiko vijidudu vinakopumzika.