Kurasa Zilizopigwa Bandi

Dada yangu ni fundi cherehani, na tangu nipate akili sijawahi kumwona bila futi shingoni. Huenda nayo sokoni, huenda nayo msibani. Mke wangu humwita Wifi Futi, lakini kwa sauti ya chini, maana ukimchokoza anakupima kiuno hapo hapo na kukutajia mbele za watu umeongezeka kiasi gani. Mimi nimeshatajiwa mara nyingi. Natengeneza friji, kazi ya kuchuchumaa kutwa nzima, ila tumbo langu bado halijapata habari hizo.

Dada akimshonea mtoto wako nguo, huacha upindo mkubwa kwa ndani, hata wazazi wakilalamika kwamba gauni limekuwa zito. "Mtoto hashonewi nguo ya leo," huwaambia. "Anashonewa ya leo na ya mwakani." Binti yangu amekulia ndani ya nguo za namna hiyo. Tangu anatambaa alishinda chini ya meza ya kukatia, akichezea vifungo na mabaki ya vitambaa, kwa sababu mama yake ni muuguzi wa zamu na mimi siwezi kubeba mtoto na mtungi wa gesi kwa pamoja. Dada mwenyewe hakujaliwa mtoto. Alimpa binti yangu jina la Sindano kwa wembamba wake, na akitaka kumfurahisha sana alimruhusu kushika mkasi mkubwa.

Basi alipotimiza miaka kumi na moja, Sindano akaanza kukosekana kwa fundi. Leo ana kazi za shule, kesho kichwa kinamuuma, keshokutwa anakwenda kwa rafiki. Dada hakulalamika, lakini kila viatu vya shule vilipolia barazani alisimamisha mashine na kuinua kichwa, na kila mara walikuwa watoto wa watu wengine. Aliogopa kitu kimoja tu, kwamba mtoto amemchoka.

Mambo yakawa hivyo mpaka siku mke wangu alipotandika kitanda cha Sindano na kukuta chini ya mto riwaya nene ya watu wazima. Jaladani palikuwa na mwanamke aliyeonekana kuvalia nguo njiani. Tukamwita binti sebuleni. Hakutikisika.

"Vile vya picha mnavyoninunulia ni vya watoto," akasema. "Na hiki mmekichukua. Basi sisomi tena."

Mtoto aliyekuwa akisoma hata maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Nikamtazama mke wangu, naye akanitazama mimi. Katika nyumba hii mimi husoma karatasi za maelekezo ya friji, na yeye husoma vipimajoto.

"Mwambie dada yako amchagulie vitabu," akaniambia. "Ndiye anayesoma hadithi mpaka nguo za watu zinachelewa."

Dada aliipokea kazi hiyo kama aliyeletewa oda ya shela la bibi harusi. "Nimempima huyu mtoto tangu ana siku saba," akasema. "Nitashindwa kumpimia kitabu?"

Tukaenda kwa muuza vitabu vya mitumba, nyuma ya posta, kijana mchangamfu aliyejua kupanga vitabu kwa rangi. Akatutolea mfululizo wa kwanza.

"Hivi ni vya miaka minane hadi kumi na miwili, mama. Imeandikwa hapa nyuma."

"Alipimwa na nani?" Dada akauliza.

"Nani huyo?"

"Huyo mtoto wa miaka minane hadi kumi na miwili. Wa minane ananifika hapa," akaonyesha kiunoni, "na wa kumi na miwili ananifika hapa begani. Nguo moja itawakaaje wote wawili?"

Kijana akanitazama aniokoe. Nikajifanya nasoma kitabu cha ufugaji wa nyuki.

Vikaja vitabu vya farasi anayeongea. Dada akavirudisha, akisema yule mtoto mwenyewe anaongea vya kutosha, hahitaji mshindani. Vikaja vya wanyonya damu. "Damu ukurasa wa kwanza. Sasa wa mwisho watabakiza nini?" Vikaja vya wasichana wa shule ya bweni, vitabu ishirini kamili, na Dada akagundua kwamba kwenye cha kwanza msichana mkuu yuko darasa la sita, na kwenye cha ishirini yuko darasa la sita. "Vitabu ishirini na hajaongezeka hata inchi," akasema kwa masikitiko. "Huyu apelekwe hospitali."

Kijana alikuwa ameanza kutazama saa alipovuta vitabu sita vilivyofungwa kwa kamba. Vilihusu msichana anayeishi na shangazi yake chini ya mnara wa saa ya mji, anaitia saa ufunguo kila asubuhi na kuwatafuta watu waliopotea. Katika kitabu cha kwanza ana miaka kumi, katika cha sita anakaribia kuwa mtu mzima. Dada akafungua cha kwanza na cha sita, akaviweka sambamba kwenye goti. Akaona herufi za cha sita ni ndogo zaidi, sentensi ni ndefu zaidi, na mambo yenyewe yamekuwa mazito.

"Huyu mwandishi ameacha upindo," akasema. Sijamsikia akimsifu binadamu mwingine kiasi hicho.

Hakukubali nivipeleke nyumbani. Alivipanga kwenye rafu juu ya cherehani, akatangaza kwamba Sindano atavifuata kimoja kimoja, na akimaliza atakirudisha ndipo achukue kingine. Nikauona mtego. Ukafanya kazi. Mtoto akarudi kwa fundi. Chini ya meza hakutosha tena, akawa anakaa juu yake miguu ikining'inia, na wote wawili wakaujadili mnara wa saa kana kwamba uko mtaa wa pili.

Ila Dada alikuwa na utaratibu wake. Kila kitabu alikisoma yeye kwanza, na alipoona pamezidi saizi ya mtoto, alizipiga bandi zile kurasa. Bandi ni ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi hushikizia kitambaa kabla ya kushona kwa mashine, kisha huifumua. Alichukua sindano na uzi mweupe, akafunga kurasa pembeni, kimya, kama anayeshikiza mkono wa koti.

"Sijachana, sijafuta," alinieleza nilipomshangaa. "Akikua nitafumua."

Katika kitabu cha pili alishona busu moja la ukumbini, na hapo sikumlaumu. Lakini mifupa iliyofukuliwa aliiacha wazi, na mtu aliyezama kisimani akaachwa azame kwa nafasi. Mkono wake ulikuwa mkali kwa mtu mmoja tu, yule shangazi wa kwenye mnara. Mwanzoni shangazi huyo alikuwa mkali wa kawaida. Baadaye akamfungia msichana stoo, kisha akamchomea barua zake. Kila alipofanya ubaya, Dada alishona. Kufika kitabu cha tatu alikuwa ameshona sura nzima nzima.

Jioni moja tukiwa mezani, Sindano akaweka kijiko chini.

"Baba, kuna kitu sielewi. Yule shangazi ameingia jikoni kufuata chumvi, hajatoka mpaka kitabu kimeisha. Nyumba imeungua, na hakuna aliyemuulizia."

Mke wangu alipaliwa na maji, ikabidi nimpige mgongoni.

Kesho yake nikamfuata Dada. Alikuwa anapiga pasi kola za mashati.

"Dada, umemshona mtu mzima akiwa hai."

"Yule si mtu. Anamfungia mtoto stoo."

"Ni hadithi tu."

Akaisimamisha pasi. "Mdogo wangu, pale kwa muuza vitabu nilifungua vitabu vingi kuliko ulivyoona. Mbaya wao kama si mama wa kambo, ni shangazi. Na huyu mtoto shangazi anaye mmoja tu. Asome hayo, kisha aniangalie kwa jicho gani? Juzi tu nimemfokea kwa ajili ya mkasi."

"Lakini Sindano anakupenda."

"Alinipenda ana miaka mitatu. Mtoto wa miaka mitatu anampenda yeyote mwenye vifungo."

Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu ya utani, nimeyapanga njiani. Nikarudi nayo yote. Nilimhurumia dada yangu siku hiyo, na nikamkasirikia kidogo yule mwandishi.

Ukaja msimu wa sare za shule, ule ambao Dada hata chai huinywa amesimama. Kitabu cha sita kikabaki rafuni hakijasomwa. "Usikiguse," alimwambia Sindano. "Sijakipima." Siku fulani hakikuwepo rafuni, siku nyingine kikawepo. Dada hakuona, alikuwa amezama kwenye kola na mifuko. Shule zilipofunguliwa ndipo akanawa mikono, akajimiminia chai, akakaa kwenye kiti cha wateja na kukifungua. Katikati akakuta kurasa zimepigwa bandi.

Jumapili mchana tukamwona anaingia kwetu na vitabu vyote sita ndani ya furushi la kitambaa. Akavitua juu ya meza. Mke wangu akapunguza sauti ya redio.

"Mkono huu si wangu," Dada akasema.

Akatuonyesha. Bandi yake yeye ni ndefu na imelegea, na haianzi kwa fundo. Hii ilikuwa fupi, imenyooka, na fundo limefichwa ndani ya mkunjo. Alipoiona katika cha sita ndipo akavirudia vingine, akakuta ni mkono ule ule. Vyote vilikuwa vimefumuliwa, vikasomwa, vikashonwa upya kupitia matundu yale yale.

Sote tukamgeukia Sindano. Yeye alikuwa anakitazama kitambaa cha meza.

"Umefumua vyote?"

"Vyote, Shangazi."

"Kwa kutumia nini?"

"Wembe wa Baba."

Nikaelewa kwa nini kidevu changu kilikuwa na michubuko miezi yote ile.

"Na lile swali la chumvi," mama yake akauliza, "lilikuwa la nini?"

"Nilitaka kumsikia Baba atasemaje."

Dada hakucheka. Alikuwa ameshika ncha mbili za futi yake. "Kwa hiyo yule shangazi unamjua."

"Namjua."

"Na umemwonaje?" Aliuliza kwa sauti ndogo, mtu anayeweza kumfukuza mteja kwa kumtazama tu.

Sindano akafikiri. "Ni mkali. Ila yule anafunga milango kwa kufuli. Wewe unafunga kurasa, tena kwa bandi. Mtu yeyote anafumua."

Mke wangu akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza. Nilijua anacheka, na nilijua pia kwamba machozi yako karibu. Dada akakivuta kitabu cha sita.

"Na hiki? Hiki sikukigusa mimi. Umekishonea nini?"

Hapo mtoto akapoteza ule ujasiri. "Hizo kurasa ni zako, Shangazi. Nimesoma nikaona bado hujazifikia. Yule shangazi mwishoni anakuwa mzuri sana, halafu... Usisome hapo. Utalia, na una nguo za watu."

"Kwani anakufa?" mke wangu akauliza.

"Mama," Sindano akasema kwa uchungu, "mimi nimekaa nashona, wewe unafumua kwa mdomo."

Dada akaivua futi shingoni. Akailaza juu ya ule mstari wa uzi mweupe, akapima nafasi kati ya mshono na mshono, moja baada ya nyingine, akifuatisha kwa kidole gumba. Ilimchukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zimelingana," akasema, na akalia waziwazi, mbele yetu sote.

"Unaona," Sindano akaniambia. "Na hata hajasoma."

Siku hizi Sindano hukaa kwenye cherehani ya pili na kufokewa kwa ajili ya mkasi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Mfululizo wa pili wamekwenda kuuchagua wao wawili, na nasikia muuza vitabu alipowaona alianza kufunga kibanda. Ule wa kwanza bado uko rafuni. Juzi nilipofuata suruali yangu nilikishusha kitabu cha sita, nikaona uzi uko pale pale, umeanza kuwa wa manjano.

"Dada, hutaki kujua iliishaje?"

"Kirudishe ulipokitoa," akasema bila kuinua kichwa. "Nitafumua nikikua."