Ukurasa Mtupu wa Adelina

Kule Kibosho, Adelina Kimaro alifundisha Kifaransa darasa la wanafunzi sitini wenye kitabu kimoja, na kitabu chenyewe kilikuwa chake. Basi akawa anaandika shairi ubaoni, wanalisoma kwa sauti, anafuta mstari mmoja, wanalisoma tena lote, anafuta mwingine. Ubao ulipobaki mtupu, shairi lilikuwa limeshahamia vifuani mwao.

Miaka ishirini baadaye, katika shule moja ya Kilburn, ughaibuni, yenye vitabu tele, bado alikuwa anafuta. Na sasa alikuwa ameandika kitabu cha kiada kwa mtindo uleule: kila shairi lilipungua ukurasa kwa ukurasa, hadi ule wa mwisho, mweupe pe.

Mhariri wake, Humphrey, hakuutaka.

"Watu watadhani mashine imeharibika. Toa kurasa tupu, tuchape. Ukikataa, tuishie hapa."

Jumapili za miaka sita zilikuwa ndani ya mswada ule.

"Njoo kwanza darasani, Bwana Humphrey."

Alikuja Jumanne ya mvua, akaketi nyuma bila kuvua koti, mswada mapajani. Darasa lilikuwa la wale walioambiwa siku nyingi kwamba Kifaransa si chao. Adelina aliandika shairi lake la mvua, mistari minane. Wakasoma. Akafuta. Wakasoma. Akafuta.

"Mwalimu, huo wa mwisho uache!" alilia Daisy, binti wa muuguzi Mkenya. "Bado sijaushika!"

"Nishafuta, mwanangu. Utautafuta mwenyewe."

Wakacheka. Kisha ubao ukawa mtupu, na kicheko kikaisha. Mvua ilisikika dirishani. Adelina alishika kifutio kwa mikono miwili, asijue la kufanya nacho.

Daisy ndiye aliyeanza. Wa pili akadaka, wa tatu, halafu darasa zima likanguruma mpaka mstari wa saba. Hapo wakakwama.

Mstari wa nane ukatoka nyuma kabisa, kwa sauti nzito ya mtu mzima. Humphrey mwenyewe alionekana kushtuka.

"Na mgeni kashika!" Daisy alipiga kelele.

Humphrey aliufunua mswada hadi kwenye ukurasa mtupu, akaandika kwa penseli pembeni: Usiguswe.

Septemba kitabu kilifika. Adelina alikifungua kwanza kwenye ukurasa ule mweupe, akausoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho.